Majani Yaliyolala Bakulini

Guangzhou,
20 Machi 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zako, na kile kifua hakikubani tena kama wiki ile ya mazishi. Mimi huku mzima. Nakula, nalala, nafundisha. Watoto wa darasa la tatu wameambiwa kwamba mwalimu wao amefiwa na mama, basi nikiingia wananyamaza wote, nami ningependa wapige kelele kama zamani. Juzi nilisimama ubaoni nikasahau nilikuwa naandika nini, mpaka wao wakanikumbusha. Sijalia tangu nirudi. Sijui kwa nini nakuambia hili, lakini ndivyo lilivyo.

Nakuandikia badala ya kupiga simu dukani kwa Mzee Liao kwa sababu unajua mwenyewe. Nikisema neno moja kwenye simu ile, jioni Fengxi nzima inalo.

Baba, kuna jambo. Wazazi wa Shaowen wamekaa wakazungumza. Wanasema kwa desturi njia ni mbili tu: ama tuoane kabla siku mia tangu Mama afariki hazijaisha, ama tungoje miaka mitatu ya maombolezo ipite. Nami mwaka huu natimiza thelathini. Shaowen anasema yeye atangoja hata kumi, lakini mama yake si mtu wa kungoja. Kama utaridhia, watakuja Fengxi kutoka Shantou Jumapili ya tarehe kumi Aprili, baba na mama yake, mnywe chai, mpange siku. Sisi wawili hatutakuwepo. Shule haiwezi kunipa ruhusa nyingine baada ya ile ya msiba, na hata hivyo mazungumzo haya ni ya wazee kwa wazee.

Nina ombi pia. Siku ya harusi nitawapa wakwe chai, na baadaye kila nitakapolala kwao nitawapa asubuhi. Mama alisema atanifundisha muda ukifika. Tafadhali niandikie wewe unavyofanya. Usinicheke. Nimekulia chini ya meza ya chai lakini sijawahi kushika bakuli la kifuniko kwa mkono wangu. Kila nilipolinyooshea mkono mlipiga kelele kwamba litaniunguza.

Binti yako,
Peiluan


Fengxi, Chaozhou,
27 Machi 1994

Binti yangu Peiluan,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Kifua kimepona. Liao anakuja kila siku, anamwachia mkewe duka, anakaa kwenye kile kiti chake, anakunywa, anaongea. Namsikia kama mtu anayeongea nyumba ya pili. Mengine ni yale yale.

Waje. Nimeridhia. Sina kinyongo na haraka yao.

Chai sasa. Nimekutumia bakuli moja, limetoka karakana yetu ya zamani, kifuniko nilikichonga mwenyewe kabla sijastaafu. Kauri yake ni nyembamba, ukiishika juani unaona kivuli cha kidole, na mdomo umefunguka nje kidogo. Usikubali kununua la mdomo wima, hilo ni la kuunguzia watu. Chemsha maji. Yakianza kuruka, toa, usiyaache yakapigwa na moto mpaka yakafa. Mwaga kidogo kwenye bakuli tupu na kwenye vikombe, vipate joto. Vikombe ni vitatu, hata wageni wakiwa watano. Mmoja anampisha mwenzake, adabu yenyewe iko hapo. Viviringishe kimoja ndani ya kingine kwenye maji ya moto, kwa vidole, upesi.

Weka majani. Majani ya Mlima Fenghuang ni marefu na yamejisokota, jaza mpaka karibu na mdomo, usiwe bahili. Maji yamimine kutoka juu, yazunguke ukingoni. Yakipiga katikati chai inakuwa chungu. Povu litapanda, likwangue kwa kifuniko. Maji ya kwanza yamwage, kazi yake ni kuyaamsha majani. Maji ya pili ndiyo chai. Usiyakalie. Vuta pumzi kidogo tu, mimina.

Kushika ni hivi: kidole gumba upande mmoja wa mdomo, cha kati upande wa pili, cha shahada juu ya kitufe cha kifuniko. Sogeza kifuniko upate mwanya mwembamba. Inamisha mara moja, bila woga. Anayeogopa ndiye anayeungua, kwa sababu anasita na mvuke unamkuta hapo hapo. Shusha mkono karibu na vikombe, zunguka navyo, hiki, kile na kile, halafu rudi tena, mpaka rangi iwe moja kwenye vyote. Matone ya mwisho ndiyo mazito, yagawe tone kwa tone asipunjwe mtu. Usibakize maji bakulini. Wewe unakunywa mwisho.

Basi. Hiyo ndiyo chai, mimi sijui nyingine.

Baba yako


Guangzhou,
3 Aprili 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na unavaa vizuri asubuhi, maana huko kwetu mwezi huu una ubaridi wa kijinga. Mimi sijambo.

Bakuli limefika salama. Ulilifunga kwenye soksi zako, na zote mbili zina tundu kwenye kidole. Nimezishona.

Nimejaribu. Mara ya kwanza nimeungua, mara ya pili nimeungua zaidi, na kifuniko nusura kiende sakafuni. Shaowen alikuwa amekaa hapa anatazama. Akasema, "Wewe unalishika kama unakamata kaa." Nikamwambia ashike yeye. Akashika, akaruka mpaka mlangoni, mtu mzima, mchora madaraja! Nikacheka. Halafu nikajishangaa kwamba nimecheka, kicheko kikakatika chenyewe.

Siku ya kusafisha makaburi nitakuwa darasani. Mfagilie Mama na kwa niaba yangu.

Baba, Jumapili vaa lile koti la buluu. Wataleta machungwa, usisahau kuwarudishia mawili wakiondoka. Baba yake Shaowen, Mzee Qiu, ni mpole, hana shida. Mama Qiu ndiye wa kuangalia. Haongei sana, ila macho yake yanaona vumbi mpaka chini ya kabati.

Binti yako,
Peiluan


Fengxi,
11 Aprili 1994

Binti yangu Peiluan,

Natumaini hujambo na mikono imezoea moto. Mimi mzima.

Wakwe walikuja jana. Liao alikuwa hapa tangu asubuhi, tulikuwa tunakunywa. Nilisimama, niliwakaribisha, nilivaa koti. Wameleta machungwa, nimewarudishia mawili. Niliwamiminia chai. Mzee Qiu alisifu vikombe, akauliza kama karakana bado inafanya kazi. Nikamwambia bado. Tuliongea habari ya barabara mpya. Mama Qiu hakunywa cha pili. Siku ya harusi hatukuifikia, walisema wanawahi basi. Nilikuwa nimenunua bata nikidhani watakula. Tumemla mimi na Liao.

Kaburi nililifagia. Nyasi zimeanza kuota. Sikuwa na la kumwambia, nikarudi.

Naona mambo yamekwenda vizuri.

Baba yako


Guangzhou,
18 Aprili 1994

Baba,

Shikamoo. Unisamehe, leo sitauliza habari za afya.

Mama Qiu amempigia Shaowen simu. Nilikuwa nimesimama pembeni yake na sauti ilinifikia yote. Maneno yake ni haya, sijaongeza hata moja:

"Tumefika, tumekaribishwa, tumekaa. Bakuli liko mezani, majani yamevimba kama mwani. Nikasema moyoni, sasa hivi anainuka anayamwaga. Wee! Akachukua birika akayamiminia yale yale. Chai nyeupe kama maji ya kuoshea mchele! Mimi hata muuza samaki akiingia kwangu kupumzika namwekea majani mapya. Baba yako amekunywa kwa sababu hajui kukataa. Wale watu hawatutaki, Shaowen. Wametufukuza kwa heshima."

Baba, hakuna mtoto Chaozhou asiyejua hili. Mgeni akivuka kizingiti, majani yanabadilishwa. Usipobadilisha umemwambia aondoke, na huhitaji kufungua mdomo. Wewe umekaa kwenye meza ile maisha yako yote.

Ulifanya makusudi? Kama hutaki niolewe, mbona hukusema? Ungeniambia, "Peiluan, nimebaki peke yangu, rudi," ningerudi. Nakuuliza bila hasira. Ningependa kuwa na hasira, naitafuta siioni. Kinachonisumbua ni kutojua. Nataka kujua kama baba yangu amenifungia mlango.

Peiluan


Fengxi,
1 Mei 1994

Binti yangu Peiluan,

Natumaini hujambo. Nimechelewa kujibu. Nilikuwa sikumbuki. Nimekaa na barua yako siku nyingi nikijaribu kuiona ile Jumapili, naona koti, naona machungwa, bakuli silioni. Mwisho nikamuuliza Liao.

"Liao, siku ile ya wakwe nilibadilisha majani?"

"Hukubadilisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie mbele ya watu? Nilikukonyeza mpaka jicho likatoka machozi. Nilikohoa. Nilikupiga teke chini ya meza, Weng! Ukanitazama, ukanimiminia kikombe kingine."

"Na wewe ukija, huwa nabadilisha?"

Liao akageuzageuza kikombe chake. Unamjua Liao, kusita si fani yake. Kisha akasema, "Tangu shemeji afariki hujabadilisha hata siku moja. Wewe ukienda uani, mimi ndiye namwaga na kuweka mengine. Siku ile hukwenda uani."

Nikakaa nikafikiri. Peiluan, miaka yote ile mimi nilikaa upande wa birika na mama yako alikuwa jikoni. Mgeni akisafisha koo mlangoni, kabla hajavua kofia, mkono wake ulishapita hapa mezani, bakuli limekwenda, limerudi safi, majani makavu yamo ndani. Sikumwomba hata siku moja, naye hakuniambia kwamba anafanya. Sikuwahi kuutazama mkono ule. Kwangu mimi lilikuwa jambo linalojitokea tu. Watu walikuwa wakinisifu, "Weng, chai yako!", nami nikiitikia. Nilidhani chai naiandaa mimi.

Isome tena ile barua niliyokufundisha. Hakuna mahali nilipokuambia ubadilishe majani. Sikukuficha. Halikuwamo kichwani mwangu.

Sikufanya makusudi. Olewa, binti yangu. Nyumba hii haina kitu cha kulindwa. Samahani sana.

Baba yako


Guangzhou,
7 Mei 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi mzima.

Nimeisoma tena barua ya chai, kweli halimo. Nakuamini. Nilikaa kitandani na zile karatasi nikajaribu na mimi kuukumbuka mkono wa Mama ukipita mezani. Nakumbuka kitambaa chake cha begani. Mkono siukumbuki. Basi tuko wawili.

Nilimweleza Shaowen, akaenda nyumbani kumweleza mama yake. Mama Qiu alicheka tu. Alisema, "Mwanamume wa Fengxi, amezaliwa katikati ya vikombe, mikono yake imechonga vifuniko mpaka kustaafu, leo asahau majani? Mwambieni alete uongo mwingine, huu haujaiva." Yeye na Mzee Qiu wameamua ni mpaka miaka mitatu ipite, na hata hapo wataangalia. Tarehe tano Juni ndiyo Jumapili ya mwisho iliyomo ndani ya siku mia za Mama, na wao hawataki hata kuitaja.

Shaowen anataka twende tukaandikishe ndoa bila wao. Mimi sitaki kuingia nyumba ya watu kupitia dirishani.

Baba, nakujua. Usiende kwao. Baba wa binti hatangulii kwenda kwa wakwe, watasema unamtembeza mtoto wako mlango kwa mlango. Acha. Nilidhani kwa hili nitalia. Nilisahihisha madaftari, nikaoga, nikalala.

Binti yako,
Peiluan


Fengxi,
16 Mei 1994

Binti yangu Peiluan,

Natumaini hujambo. Nilikwenda. Usinikasirikie.

Jana nilipanda basi la asubuhi. Liao alitaka tuandamane, nikakataa, angeongea yeye. Mzee Qiu ndiye aliyefungua mlango. Alisita kidogo, halafu akasema, "Ingia, ingia, mbona umesimama juani." Mama Qiu alikuwa mezani na bakuli lake. Hakuinuka.

"Karibu chai, Mzee Weng," akasema, akamimina.

Nikanywa. Akamimina tena, nikanywa. Cha tatu nacho nikanywa.

Nikasema, "Chai nzuri. Asante."

"Nzuri?"

"Nzuri sana."

"Ya wapi hii, wewe unayejua?"

Nikamwambia ni ya Fenghuang, ya juu kabisa, ile yenye harufu ya maua. Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo tunavyosema kwa chai ya watu. Akanitazama usoni, akanitazama sana, mpaka nikafuta mdomo nikidhani kuna kitu. Kisha akainuka akaenda jikoni, na hakurudi upesi. Mzee Qiu alikuwa ameinamisha kichwa anatazama vikombe.

Nikasema maneno niliyokuwa nimeyatayarisha. Kwamba sikuwadharau. Kwamba kwetu mke wangu ndiye aliyekuwa akibadilisha majani nami sikuwa najua. Kwamba wewe huna kosa lolote, na kama kuna wa kungojeshwa miaka mitatu ni mimi. Mzee Qiu akasema, "Tumesikia, ndugu yangu."

Mama Qiu alirudi macho mekundu, nadhani jikoni mwao kuna moshi. Hakuzungumzia harusi. Aliniwekea chakula, nikala. Akanisindikiza mwenyewe mpaka kituoni, na nilipopanda basi alinishika kiwiko kama mtu anayempandisha mgonjwa. Sijui alikuwa na maana gani.

Nadhani bado wana hasira. Nilijaribu. Sikufaulu.

Baba yako


Guangzhou,
23 Mei 1994

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Leo nauliza habari za afya na nataka majibu ya kweli, kila kiungo na habari yake.

Ulifaulu. Harusi ni tarehe tano Juni. Sasa kaa chini nikuambie kilichotokea kwenye meza ile, kwa sababu wewe ulikuwepo na hukukiona.

Mama Qiu alinipigia simu shuleni. Hajawahi kunipigia mimi. Mwalimu mkuu aliponiita nilidhani kuna msiba mwingine. Mama Qiu aliongea hivi:

"Peiluan, nimemtendea baba yako vibaya. Nilimwona dirishani anakuja, nikasema leo na yeye aonje. Yale majani bakulini yalikuwa ya jana yake. Yamelala humo usiku kucha na joto hili la Shantou, yameanza kuteleza. Sikuyamwaga. Nikayawekea maji ya uvuguvugu. Nilimmiminia vikombe vitatu nikimngojea asimame, aniambie 'sawa, tumelipana,' tugombane yaishe. Akanywa vyote. Akasifu! Akanitajia na harufu ya maua. Nikasema huyu ananidhihaki, nikamtazama vizuri. Mwanangu, hakuwa na dhihaka. Uso wake haukuwa na kitu. Nikaenda jikoni nikaonja ile chai, nikaitema. Ilikuwa imechacha. Baba yako hasikii ladha. Alisema kweli tangu mwanzo. Nimelipiza kisasi kwa mtu ambaye hata hayupo."

Akalia kwenye simu, Baba. Mama Qiu! Mimi nilishika tu ule mkono wa simu nikisema ndiyo, ndiyo. Mzee Qiu alikwisha kumwambia mapema, wewe ulipokuwa bado umekaa, "Mwache sasa, inatosha," kwa ishara ya macho.

Anasema pia vidole vyako vina malengelenge, gumba na cha kati, vya zamani na vipya, na ulikuwa unavikunja na kuvikunjua kama si vyako.

Tangu lini, Baba? Unakula nini? Unalala? Kwa nini hukuniandikia? Na niambie jambo moja kabla sijavaa nguo nyekundu: unafurahi kwamba naolewa? Nimeuliza mara nyingi kama umekataa. Sijawahi kukuuliza kama umefurahi.

Binti yako anayekupenda,
Peiluan


Fengxi,
29 Mei 1994

Binti yangu mpendwa Peiluan,

Marahaba, na tena marahaba. Mwambie mama mkwe wako asilie. Chai aliyonipa haikuniumiza, na yeye ndiye mtu wa kwanza kunitazama usoni vizuri tangu mazishi.

Umeuliza tangu lini. Siku chache baada ya kumzika mama yako nilikula uji, nikaona nakula karatasi iliyolowa. Nikadhani mchele ni mbovu, nikabadilisha mchele. Ukawa vile vile. Nakula anachopika mke wa Liao, chakula kipo. Usingizi upo. Vidole naviona vimebabuka ngozi, lakini moto siusikii. Sikukuandikia kwa sababu hakuna kinachouma, na mtu atalalamikaje juu ya kitu kisichouma?

Umeuliza kama nafurahi. Nimeshakuponza mara moja kwa kutojua, sitaki kukuponza tena kwa uongo, kwa hiyo nitakujibu kama ilivyo.

Barua yako niliisomea dukani. Liao aliposikia tarehe tano aliruka, akamkumbatia mkewe mbele ya wateja, akapewa kibao. Mimi nilisema, "Vizuri," nikaikunja. Nilingoja nisikie kitu. Nikarudi nyumbani nikangoja tena. Nikaitoa, nikaisoma kwa sauti, pale pa harusi nikasoma mara mbili. Hapakuja kitu.

Basi nakuomba hivi. Siku hiyo utapiga magoti, utanipa kikombe cha kuniaga. Utaniona nimekaa kama mtu aliye kwenye foleni. Wakwe hawatashangaa, wameshajua. Ninayemwogopea ni wewe. Usije ukatoka nyumbani kwetu na uso huo ukidhani ndio jibu la baba yako. Mimi nilipanda basi nikaenda Shantou. Hakuna aliyenituma, na moyoni hapakuwa na kitu kinachonisukuma. Nilijua tu kwamba wewe ni mtoto wangu, kama ninavyojua jina langu. Kwa sasa hilo ndilo ninalo, nawe lichukue hivyo hivyo.

Furaha sidhani kama imekufa. Nadhani iko njiani na inakuja kwa miguu. Ikinifikia nitapanda basi nije nikuambie, hata kama ni mwakani, hata kama utakuwa umeshasahau nani alikuja na nani hakuja. Kwa hiyo asubuhi moja ukisikia mlango unagongwa bila taarifa, ukafungua ukaniona nimesimama nalia, usishtuke wala usiniulize nani amekufa. Niingize ndani. Itakuwa harusi yako ndiyo kwanza imenifikia.

Baba yako